Chumvi kwenye majaruba: bakteria wa mizizini wanasaidia, ila sio peke yao

Wakulima wa Pawaga na wa Usangu kule Mbarali hili mnalijua vizuri, jaruba likipigwa jua siku kadhaa bila maji unaona unga mweupe umejitokeza juu ya udongo, mpunga uliopandikizwa juzi ncha zinaanza kuungua na katikati ya shamba panabaki kipara. Hiyo ni chumvi, na mara nyingi imeletwa na maji ya kumwagilia yenyewe, maana maji ya mto yana chumvi kidogo, jua linachukua maji chumvi inabaki, msimu hadi msimu, hasa pale skimu ina mfereji wa kuingiza maji alafu haina mtaro wa kuyatoa.

Sasa tunaulizwa sana kuhusu hizi mbolea za bakteria, eti zinatibu chumvi? Hazitoi chumvi. Anayekwambia zinatoa anataka hela yako tu. Chumvi inatoka na maji yanayoshuka chini na kutoka shambani, bakteria wao wanausaidia mmea uvumilie ile iliyobaki.

Wanafanyaje? Mmea ukibanwa na chumvi unatengeneza gesi ya ethilini kwa wingi, ni ileile inayoivisha ndizi za Tukuyu mkizifunika, na ikizidi mzizi unadumaa. Kuna bakteria, wengine jamii ya Pseudomonas, wanakula malighafi ya hiyo gesi kabla haijawa gesi, wao wanapata naitrojeni yao na mzizi unaendelea kurefuka. Mwaka 2004 watafiti Mayak, Tirosh na Glick walichapisha jaribio la bakteria waliotolewa kwenye udongo mkame wa Arava kule Israel, miche ya nyanya iliyopewa hao bakteria ikakua vizuri kuliko isiyopewa japo yote ilikuwa kwenye chumvi. Bakteria wengine wanatoa ute unaoshika sodiamu ya kwenye chumvi ikabaki nje ya mzizi. Kuna na fangasi wa mizizini wanaosaidia kuvuta fosforasi, hawa kwa mahindi na vitunguu wanafaa zaidi kuliko mpunga uliolala kwenye maji.

Kabla ya kununua chochote pima udongo kwanza. Kipimo cha EC, yaani kile kinachoonyesha wingi wa chumvi kwenye udongo, kikizidi 4 dS/m hiyo ni ardhi ya chumvi, suuza kwa maji mengi na mtaro uwe wazi. pH ikizidi 8.5 hapo inawezekana kabisa ni magadi, na magadi maji matupu hayasaidii kwa sababu udongo umeziba, unahitaji jasi kwanza ndo usuuze. Alafu naomba sana tuache kuchoma mabua ya mpunga, hao bakteria wanahitaji chakula, rudisha mabua na samadi iliyooza shambani.

Ukishapata hiyo mbolea ya bakteria angalia tarehe ya mwisho na uliza duka waliihifadhi wapi, maana ni viumbe hai, ikikaa juani wanakufa. Paka mbegu kivulini, tumia maji ya sukari kidogo ili ishike, usichanganye na dawa ya ukungu, panda siku hiyohiyo kwenye udongo wenye unyevu. Na mwaka wa kwanza acha jaruba moja bila kupaka, vingine vyote vifanane, ukivuna pima kila jaruba kivyake kwenye mzani.