Ponti haijakufa: namna napima kardani ya pikipiki mu parsele

Siku ya posho moja (jumamosi, kwa bale hawaishi Lubumbashi) yaya (kaka mukubwa) mumoja wa huku Bel-Air aliingia mu parsele (kiwanja) yangu anasukuma pikipiki, jasho inamutiririka. BMW R1150GS, ile ya kardani, haina sheni. Alikuwa ametoka nayo Kasumbalesa, kilomita 90 hivi za mvua na malori ya shaba, na katikati ya njia nyuma ikaanza kulia grrr, halafu ku viraje pikipiki inajinyonganyonga kama pine imepungua upepo. Garaji moja ya katikati ya mji ilishika gurudumu, ikatingisha mara mbili, ikamwambia ponti (ile sanduku ya gia ku gurudumu ya nyuma) imekufa, agiza nzima Afrika Kusini. "Petit," akaniambia, "hiyo dola sina." Nikamujibu, yaya, weka kwanza pikipiki ku kivuli, tukunywe maji, halafu tushike ile gurudumu polepole.

Mimi nafanyaga kazi na rulema (beringi), pompe na rediktere (sanduku za kupunguza mwendo) za mine (migodi) miaka mingi, pikipiki ni mambo ya wikendi, na kitu moja nimejifunza ni kwamba chuma inadanganya masikio. Inalia hapa, kumbe imevunjika pale. Kwa hiyo usikubali mutu anakuuzia ponti kabla hajakuonyesha na kidole fasi gani inacheza. Fasi gani, si "inacheza".

Kwanza tuelewane ndani iko nini. Vitesi (gia boksi) inatoa nguvu ku arbri (shafti) ya kardani, ile arbri inapita ndani ya mukono wa nyuma ambao ni kama bomba, inafika ku ponti, ndani ya ponti gia ndogo, pinyo, inazungusha gia kubwa, kurone, na nguvu inakata kona ya nyuzi 90 kwenda ku gurudumu. Ku mwisho zote mbili za arbri kuna krwasiyo, ule musalaba mudogo unaoruhusu arbri kuinama wakati suspensyo inapanda na kushuka. Bafundi ba tricycle za mizigo banajua krwasiyo sana, juu zile tricycle za Kichina nazo ziko na kardani inayoenda ku ponti ya nyuma, na pale unaweza kutoa sirklipsi (vipete vya kufungia) ukabadilisha krwasiyo mbele ya duka, dakika makumi tatu. Ya hii BMW imefungwa na kiwanda, haina sirklipsi, ikikufa unatafuta arbri.

Jina kardani yenyewe inatoka kwa Gerolamo Cardano, Muitalia wa miaka ya 1500. Na kwa bale banafikiri ni mambo ya Wajerumani peke yao, R32 yao ya kwanza ilitoka na kardani mu 1923, lakini Babeleji ba FN kule Herstal walikuwa wameshaweka kardani ku pikipiki ya silinda ine tangu 1905. Tuwape tu heshima hao kwa hiyo moja.

Sasa kupima. Weka pikipiki ku bekiye (stendi) ya kati, gurudumu ya nyuma iko hewani, vitesi ku pwamo (nyutro). Shika pine juu na chini, mukono moja saa kumi na mbili, ingine saa sita ya chini, sukuma na vuta. Halafu shika mbele na nyuma ya pine, fanya vile vile. Kama inacheza, njo garaji ile ilisimamia hapo, na njo kosa. Ita mutoto atingishe gurudumu, wewe lala chini na torshi uangalie fasi mbili. Fasi ya kwanza ni kati ya gurudumu na nyumba ya ponti: kama gurudumu inasogea na ponti yenyewe imetulia, ni rulema kubwa ya kurone, na hiyo si ya kucheka nayo, juu ku pikipiki hii gurudumu iko na mukono wa upande mumoja tu na ile rulema ya kurone njo inabeba sehemu kubwa ya muzigo wa gurudumu. Fasi ya pili ni pale ponti inaungana na mukono wa nyuma, chini ya sufle (kifuniko cha mupira chenye mikunjo). Kama ponti na gurudumu zinasogea pamoja na pale ku maungio unaona pengo inafunguka na kufunga, ponti iko muzima kabisa, kilichokufa ni rulema mbili ndogo za ku pivo (pini zinazoshika ponti ku mukono). Weka kidole nusu ku ponti nusu ku mukono, utasikia hata ile jicho haioni.

Ya yaya ilikuwa fasi ya pili. Alikaa kimya, akashika mwenyewe na kidole, akasema tena "kumbe". Nikamwambia tusifurahi mapema, bado mafuta.

Mafuta ya ponti njo inasema ukweli kuliko fundi yeyote. Zungusha kwanza pikipiki kidogo kama inaweza kutembea, ili yapate moto, halafu fungua bulo (bolti) ya juu ya kujazia MBELE ya ile ya chini. Nasema mbele juu nimeshaona mutu amemwaga mafuta yote na bulo ya juu imekwama, hawezi kujaza tena. Mwanga mu sahani nyeupe, jua inapiga. Ile bulo ya chini iko na sumaku: uji wa kijivu mwororo ku sumaku ni kawaida, ni meno yanakula kidogo kidogo. Vipande vinavyong'aa, unavyoweza kushika na kucha, ni rulema inavunjika. Rangi ya kahawa na maziwa ni maji imeingia. Ya yaya ilikuwa nyeusi, uji kidogo tu, hakuna vipande. Lakini ilitoka karibu nusu litre! Ponti hii inataka 0,23 litre, yaani hata robo haijai, usawa wa ukingo wa chini wa tundu ya kujazia. Kuna mutu alijaza kwa roho nzuri. Mafuta ikizidi inachemka, inatafuta pa kutokea, inasukuma joa spi (sili ya mafuta), halafu wanakuambia joa spi ni mbovu. Mafuta ni ya GL-5, 80W-90 inafaa, na nunua bidon ambayo bado iko na silo (lakiri) yake, juu kuna batu banajaza bidon tupu tena na sijui nini. Ile ya kweli inanuka kama kiberiti, pua yako itajua.

Sauti nayo iko na namna yake. Ukiwa njiani, kata ambriyaje (klachi) na uache pikipiki itembee peke yake: kama kulia kunafuata mwendo wa gurudumu na si injini, ni nyuma. Kama inalia ukivuta gazi na inanyamaza ukiachia, angalia meno ya pinyo na kurone. Kama ni "tok!" moja tu kila ukianza kuondoka, ni yale meno marefu ya arbri yameisha, ama krwasiyo. Tok ndogo iko kawaida, meno ya vitesi nayo iko na nafasi yake, usianze kufungua pikipiki juu ya hiyo.

Sasa kufungua. Gurudumu inatoka na bulo ine, etriye (kaliperi) ya freni unaifunga na kamba isining'inie ku bomba yake, waya ya ABS unaitoa polepole, kolye (kibano) ya sufle, bulo ya ile bara (fimbo ya chuma) ya chini. Hapo ponti inabakia ku pivo mbili. Pivo moja iko na ekru (nati) ya 30 na ndani yake tundu ya alen (ufunguo wa pembe sita) ya 12. Ingine haina ekru, na zote zimepakwa gundi ya bulo kali kabisa. Hapa njo watu wanavunja vitu! Gundi ile haisikii nguvu, inasikia moto. Muzungu wa mu video anatoa pistole ya umeme inayopuliza moto. Mimi ile siku umeme ilikuwa imeenda tangu usiku. Mama watoto alikuwa amewasha mbabula (jiko la makala) ya bukari (ugali), nikamuomba fasi kando ya sufuria, nikatia alen ya zamani ya 12 ndani ya makala mpaka ikawa nyekundu, nikaishika na koleo nikaipachika mu tundu ya pivo, nikaiacha ilale pale dakika tano, nikatoa, nikarudia mara tatu. Sufle ya mupira nilikuwa nimeirudisha nyuma na kitambaa kimoja kimelowa. Alen baridi nikaweka na bomba ndefu, pivo ikatoka inalialia lakini ikatoka. Ile alen ya makala haifai tena kazi ingine, chuma yake imelainika, uitunze kwa kazi hii tu.

Kabla pivo ya mwisho haijatoka weka kitu chini ya ponti, ni nzito, itakuangukia ku muguu. Ukivuta nyuma inaachana na arbri.

Ya yaya, rulema ndogo zilikuwa na kutu mwekundu kama udongo wa Katuba, na moja vipande vyake vilikuwa tayari ku kiganja changu. Sababu tuliiona hapo hapo: sufle imepasuka chini, pasu ya sentimita mbili ambayo haionekani ukiwa umesimama, maji ya mvua nzima inaingia kwa bomba na haitoki. Rulema za pivo si pyesi ya ajabu, ziko na namba zimechongwa pembeni, peleka ile ya zamani kwa maduka yanayouzia mine rulema, linganisha namba na usikubali "inafanana". Mji huu uko na faida moja juu ya miji mingine, rulema.

Arbri ushike mukononi na uiname kila krwasiyo pande zote mbili. Inatakiwa kwenda laini kama mafuta. Kama pale katikati, pale iko sawa imenyooka, unasikia inakwama kidogo halafu inapita, zile sindano za ndani zimechimba mashimo, na itavunjika siku moja ukiwa mbali. Mara mingi ya nyuma njo inakufaga ya kwanza. Ya yaya zote mbili zilikuwa laini, Mungu ni mukubwa, lakini meno marefu yalikuwa makavu kabisa na unga wa kutu. Safisha na esanse (petroli), paka grese ya molibdene, ile nyeusi inayochafua nguo hata kwa kuiangalia. Kidogo. Si kujaza bomba.

Kuna kitu kimoja cha kurudisha ambacho bengi banakosea, na pikipiki inatikisika na hawajui juu ya nini. Krwasiyo ikiinama haizungushi sawasawa: ku kila muzunguko moja inakimbia mara mbili na inachelewa mara mbili. Ya pili inasahihisha makosa ya ya kwanza, lakini tu kama fursheti (uma) mbili za ule mwili wa arbri zinaangalia upande mumoja. Ukiunganisha zile sehemu mbili za arbri na ukakosa meno, badala ya kusahihisha, ya pili inaongezea. Kwa hiyo mbele ya kutenganisha kitu, piga alama ya rangi. Rangi ya kucha ya bibi yako inatosha, muombe tu mbele.

Pivo ile ya kurekebisha inakazwa 7 Nm, ni kidogo sana, ni nguvu ya kifundo cha mukono, halafu unaishikilia isizunguke wakati unakaza ekru. Ufunguo wa 30 wenye tundu katikati mimi nilitengenezewa na fundi wa sudire (kuchomelea), bomba na ekru. Bulo za gurudumu 105 Nm, ukikaza kwa musalaba, kwa mara mbili. Azima kle dinamo (ufunguo wa kupimia nguvu) kama huna, hapa si pa kukisia.

Na kama ungekuta ni rulema ya kurone? Nimeifanya pia, ku pikipiki moja ya Likasi, mafuta yake ilikuwa inameremeta kama mica. Kufungua kifuniko cha ponti ni rahisi, unapasha moto aliminiamu kwanza, rulema ya zamani inatoka na arashe (chombo cha kuvutia), mupya unaipasha ndani ya sufuria ya mafuta mpaka inapanuka na inaanguka yenyewe fasi yake. Shida si hapo. Shida ni kale, zile pete nyembamba zinazoamua rulema inabanwa kiasi gani, na tunaongelea sehemu za kumi za milimetre, hata chini ya hapo. Rulema mupya haina unene sawasawa na ya zamani. Ukirudisha kale ile ile bila kupima umebahatisha, na bahati ile inabeba gurudumu yako ya nyuma. Kama huna palmere na komparatere (vipimo vya sehemu ndogo za milimetre), toa ponti mwenyewe ku nyumba, hiyo kazi ya kutoa usimlipe mutu, halafu peleka ponti peke yake kwa mutu mwenye vipimo. Mu mji wa mine wako bengi.

Ya yaya ilimaliza siku ya pili saa tisa. Nikamwambia aende mpaka karibu na uwanja wa ndege wa Luano na arudi, asivute sana, halafu akifika asizime mbele ya kunipa mukono wake. Nikauweka ku ponti. Ikiunguza mpaka unatoa mukono haraka, kitu kimebana. Yake ilikuwa vuguvugu tu, kama sahani ya bukari iliyokaa kidogo. Akauacha mukono pale muda murefu kuliko nilivyomwambia.