Sugu si katili: dhana potofu kuhusu neno la asiyejuta

Dhana: sugu ni jina jingine la katili.
Katili limetoka Kiarabu, kwenye mzizi q-t-l wa kuua, nalo hutaja ubaya wa kitendo. Sugu hutaja hisia zilizokufa ganzi. Asili yake ni ngozi: anayeshika mpini wa jembe kila siku huota sugu kiganjani, chini ya vidole, na ncha ya sindano haimshtui mpaka ipenye tabaka lile gumu. Ni neno la Kibantu, ndugu wa kitenzi sugua, maana bila msuguano wa mara kwa mara sugu haioti. Ndiyo maana aliyekosa mara moja, hata kosa likiwa zito namna gani, haitwi sugu. Katili anaweza kuitwa siku hiyohiyo.

Dhana: "mhalifu sugu" maana yake hajutii.
Magazetini maana yake ni kwamba amerudia. Mdaiwa sugu naye huenda halali kwa aibu, lakini maadamu halipi, jina analo. Ukikusudia kukosa majuto, sema wazi: "hajutii alichotenda." Usiishie kwenye "hajuti", kwa kuwa kujuta hubeba hatia na hasara pamoja, aliyeuza shamba kwa bei ya kutupa naye hujuta. Hata "majuto ni mjukuu" haizungumzii dhambi, inazungumzia kuchelewa.

Dhana: asiyejuta na asiyetubu ni mmoja.
Toba ni tawba ya Kiarabu, yenye maana ya kurejea. Masharti yake katika Uislamu ni kuacha kosa, kulijutia, kuazimia kutolirudia, na ikiwa ni haki ya mtu, kumrudishia. Majuto ni sharti moja tu kati ya hayo. Mwizi anayelia huku ng'ombe bado yumo zizini mwake amejuta, hajatubu.

Dhana: wingi ni "wasugu".
Hapana. Mhalifu sugu, wahalifu sugu, magonjwa sugu. Nomino ni usugu.

Dhana: kwenye kifua kikuu sugu, mwenye usugu ni mgonjwa.
Lawama hii huumiza watu bure. Wenye usugu ni bakteria: dawa kama isoniazidi na rifampisini haziwaui tena. Mtu ambaye hajawahi kuruka dozi, hata ambaye hajawahi kumeza dawa hizo, anaweza kuambukizwa bakteria waliokwisha kuwa sugu.