Reli za kuvuka mipaka Ulaya: yanayodhaniwa na yalivyo

Ramani za mtandao wa usafiri wa Umoja wa Ulaya, unaojulikana kwa kifupi kama TEN-T, huonyesha shoroba tisa zinazokatiza bara zima kana kwamba mipaka ya nchi haipo. Ramani hizo hazidanganyi, lakini zimezaa imani kadhaa ambazo hurudiwa hata na watu wenye dhamana ya kupanga bajeti. Matokeo yake ni kwamba macho yote huelekezwa kwenye reli ndefu za katikati, ilhali vikwazo vikubwa vimekaa mahali pawili pasipoonekana kwenye ramani: ndani ya treni yenyewe na ndani ya miji.

Dhana: Upana wa reli ukiwa mmoja, treni hupita tu

Ni kweli kwamba upana ni sharti la kwanza. Sehemu kubwa ya Ulaya hutumia reli za milimita 1,435, lakini reli za kawaida za Hispania na Ureno zina milimita 1,668, Finland ina 1,524, na Estonia, Latvia na Lithuania zilirithi 1,520 kutoka enzi za himaya ya Urusi na Muungano wa Kisovieti. Ndiyo maana mataifa hayo matatu yanajenga Rail Baltica, njia mpya ya takriban kilomita 870 yenye upana wa 1,435, ili yaunganike na Poland bila abiria wala mizigo kuhamishwa mpakani.

Hata hivyo, pale ambapo upana haujawahi kuwa tatizo, umeme unaweza kuwa tatizo. Ujerumani, Austria, Uswisi na Sweden huendesha treni kwa volti 15,000 zenye masafa ya hezi 16.7. Denmark, Hungaria na reli za kasi za Ufaransa hutumia volti 25,000 za hezi 50. Ubelgiji, Italia na Poland zina mtandao mkubwa wa volti 3,000 za mkondo mnyoofu (DC), na Uholanzi volti 1,500. Injini iliyotengenezwa kwa mfumo mmoja tu ikiingia kwenye mwingine haiendi popote. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanalo jambo la kujifunza hapa, kwa sababu SGR ya Kenya na ya Tanzania zote zina milimita 1,435, lakini ya Kenya huendeshwa kwa dizeli na ya Tanzania kwa umeme. Kulingana kwa upana pekee hakutoshi kuzifanya kuwa mtandao mmoja.

Juu ya umeme kuna mifumo ya ishara na udhibiti wa mwendo, ambayo kila nchi ilijitengenezea kwa zaidi ya karne moja, na juu ya yote kuna binadamu anayeendesha. Katika anga, rubani na mwongoza ndege wana Kiingereza kama lugha ya pamoja. Katika reli za Ulaya hakuna lugha ya namna hiyo: dereva hutakiwa kujua lugha inayotumika kwenye njia anayopita, kwa kiwango cha B1, yaani cha kati katika ngazi za Ulaya za kupima ujuzi wa lugha, na pia kuifahamu njia yenyewe. Gharama ya jambo hili ilidhihirika tarehe 12 Agosti 2017, pale reli ilipotitia mjini Rastatt, kusini-magharibi mwa Ujerumani, kwa sababu ya uchimbaji wa handaki chini yake. Njia kati ya Karlsruhe na Basel, mojawapo ya njia zenye mizigo mingi zaidi barani, ilifungwa hadi tarehe 2 Oktoba. Ng'ambo ya mto Rhine, upande wa Ufaransa, kulikuwa na reli nzima yenye upana uleule, lakini haikuweza kubeba ila sehemu ndogo ya mzigo huo, na moja ya sababu kuu ilikuwa uhaba wa madereva wanaojua Kifaransa na wenye kibali cha njia hiyo. Kwa maoni yangu, hakuna tukio lililoeleza vizuri zaidi kwamba mtandao unaweza kuwapo ardhini na usiwepo katika utendaji.

Dhana: Suluhisho ni treni yenye mifumo yote

Treni za namna hiyo zipo, na ni kazi ya kihandisi ya kuheshimiwa. Treni za Thalys zilizotengenezwa miaka ya 1990 kwa ajili ya Paris, Brussels, Köln na Amsterdam zinaweza kupokea umeme wa aina nne na kusoma mifumo ya ishara ya nchi zote hizo. Lakini zilitengenezwa 17 tu. Kila mfumo unaoongezwa huongeza uzito, nafasi, matengenezo na mlolongo wa majaribio katika kila nchi, hivyo treni inakuwa ghali kiasi kwamba ni kampuni chache zinazoweza kuimudu, nazo huitumia kwenye njia zenye faida kubwa tu.

Ndiyo sababu Umoja wa Ulaya ulichagua kuweka mfumo mmoja wa pamoja wa udhibiti, ETCS, chini ya mpango wa Ulaya wa kusimamia mwendo wa treni, ERTMS. Luxembourg imeuweka katika mtandao wake wote. Ujerumani, ambayo ipo katikati ya bara na hupitiwa na shoroba nyingi, imebaki nyuma sana. Ugumu wa mfumo huu ni kwamba faida haionekani nusunusu: kilomita 200 zenye mfumo mpya zikifuatwa na kilomita 50 za mfumo wa zamani humlazimisha mwenye treni kuweka mifumo yote miwili ndani ya treni yake. Hatua moja iliyosaidia ni kwamba tangu 2019 Wakala wa Reli wa Umoja wa Ulaya, wenye makao yake Valenciennes nchini Ufaransa, umeanza kutoa idhini ya treni inayotambuliwa katika nchi kadhaa kwa pamoja, badala ya mwombaji kubisha hodi katika kila mji mkuu.

Dhana: Reli ya kuvuka mpaka ni treni ya kasi ya wasafiri wa mbali

Wengi wanaovuka mipaka ya Ulaya kwa reli mara kwa mara ni wafanyakazi na wanafunzi wanaokwenda mwendo wa nusu saa. Geneva ni mfano ulio wazi. Mji huo umezungukwa na Ufaransa karibu pande zote, na maelfu ya wafanyakazi wake hulala ng'ambo ya mpaka, lakini makubaliano ya mwaka 1912 ya kuunganisha stesheni yake kuu na Annemasse hayakukamilika hadi Desemba 2019, ulipozinduliwa mtandao wa Léman Express. Njia nzima kati ya stesheni hizo mbili ni ya kilomita 16 tu. Treni zake hubadili kati ya volti 15,000 za Uswisi na 25,000 za Ufaransa bila abiria kuhisi lolote.

Strasbourg, Ufaransa, ilivusha tramu hadi stesheni ya Kehl, Ujerumani, mwaka 2017. Basel, Uswisi, ilifikisha tramu yake Weil am Rhein, Ujerumani, mwaka 2014 na Saint-Louis, Ufaransa, mwaka 2017, hivyo mji mmoja ukaunganishwa na nchi mbili jirani kwa tiketi ya mjini. Miradi hii haipigiwi makofi kama mahandaki ya milima ya Alps, ingawa kwa maisha ya watu wa mpakani ina uzito usiopungua.

Dhana: Mipaka ya ndani ilishafutwa, na Brussels, makao ya Umoja wa Ulaya, ndiyo hujenga

Daraja la Øresund liliunganisha Copenhagen, Denmark, na Malmö, Sweden, mwaka 2000, na miji hiyo ikaanza kuishi kama mkoa mmoja. Januari 2016, Sweden ilipodai vitambulisho vikaguliwe kabla ya kuingia nchini, abiria wa kwenda Malmö walilazimika kushuka na kukaguliwa kwenye stesheni ya uwanja wa ndege wa Kastrup, na hali hiyo iliendelea hadi Mei 2017. Uamuzi mmoja wa serikali ulitosha kurefusha safari za kila siku kwa zaidi ya mwaka. Fedha za Ulaya nazo huchangia sehemu tu ya gharama. Kupanga, kukopa na kujenga hubaki mikononi mwa mataifa, na kila taifa huanza na reli zinazohudumia mji mkuu wake.

Kuhusu tiketi, inatosha kusema hivi: anayenunua tiketi mbili tofauti kutoka kampuni mbili, akakosa treni ya pili kwa sababu ya kuchelewa kwa ya kwanza, kwa kawaida hana dai lolote kisheria. Kanuni za haki za abiria zilizoanza kutumika Juni 2023 humlinda mwenye tiketi moja ya safari nzima.

Dhana: Miji ni vituo vya mwanzo na mwisho, mtandao ni kilichopo katikati

Hili ndilo kosa kubwa kuliko yote. Kwa miaka mingi, treni iliyotoka Munich kwenda Budapest iliingia Westbahnhof mjini Vienna, ambako reli hufikia ukomo, ikageuza mwelekeo na kutoka tena kuzunguka mji. Stesheni mpya ya Hauptbahnhof, iliyokamilika 2014 mahali pa stesheni mbili za zamani ambako reli ziliishia, ndiyo iliyoifanya Vienna kuwa njia ya kupita. Malmö ilifanya vivyo hivyo mwaka 2010 kwa handaki lililopita chini ya mji: treni za kutoka darajani, ambazo awali ziliuzunguka mji na kugeuza ndani ya stesheni kuu, sasa zinapita moja kwa moja na kusimama katika mitaa miwili ambayo hapo kabla haikuwa na stesheni.

Kinyume chake kipo Ufaransa. Reli ya kasi ya kaskazini iliyofunguliwa 1993 ilipitishwa Lille kwa sababu viongozi wa mji huo, meya Pierre Mauroy akiwa mbele, walipigania stesheni katikati ya mji. Mji wa Amiens ulikosa. Ulipewa stesheni ya Haute-Picardie, iliyo makumi ya kilomita kutoka mjini katikati ya mashamba, isiyounganishwa na reli ya kawaida.

Sheria mpya ya TEN-T ya mwaka 2024 imeyatambua haya: inaitaja miji zaidi ya 400 kuwa nodi, yaani vitovu, vya mtandao na kuitaka iwe na mipango ya usafiri endelevu ifikapo mwisho wa 2027. Ugumu wa kazi hiyo unaonekana Brussels. Treni za Paris kwenda Amsterdam na Köln hupita katikati ya mji kwenye njia sita za reli zilizofunguliwa 1952, zikigombania nafasi na treni za wafanyakazi wa Ubelgiji wanaoingia kazini asubuhi hiyohiyo, na mji uliojengwa pande zote hauachi nafasi ya njia ya saba.