Presha ni nini hasa?

Ukisimama nusu saa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza kando ya Ziwa Victoria, neno presha litakufikia mara kadhaa. Mama wa dagaa anamwambia mchukuzi, "Wee, usinipandishe presha!" Hapo ana maana ya hasira. Mwingine moyo umemwenda mbio kwa sababu boti limechelewa, naye anasema presha. Hospitalini neno ni hilohilo, maana nyingine kabisa, na naamini kuchanganya maana hizi mbili kunatugharimu watu wengi.

Kitabibu, presha ni shinikizo la damu, yaani nguvu ambayo damu husukuma nayo kuta za mishipa. Hupimwa kwa milimita za zebaki na kuandikwa kwa namba mbili: ya juu ni moyo unapojikaza, ya chini ni unapolegea kati ya pigo na pigo. Mtu mzima akipimwa siku tofauti na kukutwa na 140 kwa 90 au zaidi, hata kama ni namba moja tu iliyovuka, ana shinikizo la juu la damu. Mitaani tunaiita presha ya kupanda, jina linalofanya tudhani inapanda mtu akiudhiwa, kisha inashuka akitulia. Kwa wengi iko juu siku zote, kimya, bila kichwa kuuma wala kizunguzungu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye tatizo hili duniani hawajui kama wanalo.

Ndiyo maana habari nyingi za kiharusi huanza na "alianguka bafuni, akapooza." Mara nyingi mambo yalikwenda kinyume chake: mshipa wa ubongo uliziba au kupasuka kwanza, ndipo akaanguka. Moyo na figo nazo huharibika polepole kwa namna hiyohiyo ya kimya.

Nani yuko hatarini zaidi? Umri ukisogea, mishipa hukakamaa. Ukoo nao una nafasi yake, kama baba au mama alikuwa nayo. Unene, pombe, sigara, kazi ya kukaa kutwa, kisukari na maradhi ya figo huongeza hatari.

Kwetu ziwani nataka niseme zaidi juu ya chumvi. Chumvi huvuta maji na kuyabakiza mwilini. Damu inaongezeka ndani ya mishipa ileile, na msukumo unakuwa mkubwa. Kiasi kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi ya kila kitu alichokula. Sasa fikiria kayabo, yule sangara aliyepasuliwa, akashindiliwa chumvi na kuanikwa. Anayempika bila kumloweka na kumwaga maji, kisha akaongeza chumvi kwenye mchuzi, amekipita kijiko hicho kabla ya kuonja chipsi za jioni. Samaki mwenyewe hana kosa. Sato mbichi wa kuchemsha na ndimu ni chakula kizuri sana.

Jambo moja lisichanganywe na hili: kichocho cha tumbo, ambacho watu wa mwambao wa ziwa wanakijua, huweza kupandisha shinikizo kwenye mshipa unaoingia ini. Hilo ni tatizo jingine, na kipimo cha mkononi hakilioni.

Ukienda kupima, usikimbilie kwenye kiti ukiwa bado unahema baada ya kupanda kilima cha hospitali ya Bugando. Kaa dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono usawa wa moyo, na usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Na kama tayari unatumia vidonge na namba imeshuka, ni vidonge vilivyoishusha. Ukiviacha bila kumuuliza daktari kwa kuwa unajisikia vizuri, kwa kawaida inarudi palepale, nawe hutasikia chochote.