Gitaa zito ndilo lenye saundi? Hebu tuliweke mzanini

Mpigaji akiniletea gitaa la umeme analotaka kulinunua, mara nyingi hata hajalichomeka. Analinyanyua kwa mkono mmoja, analipimapima, anatabasamu: "Fundi, hili zito, lina saundi." Vijana wa bendi wananiambia hivyo, wapigaji wa kwaya za Igoma na Nyakato hapa Mwanza wananiambia hivyo, na majuzi kaniambia mwalimu wa kwaya aliyevuka na kivuko kutoka Ukerewe, huku anajisugua bega la kushoto kwa maumivu ya mkesha. Nimechoka. Atakayeniuliza tena nitamtumia haya maandishi.

Wanavyoamini ni kwamba kilo ndizo zinazoleta ile toni nene ya zamani na kuifanya noti ivute muda mrefu. Twende taratibu. Uzi wa chuma unatikisika juu ya sumaku ya pikapu, yaani kile kifaa kilichofungwa kwenye bodi chini ya nyuzi. Mtikisiko huo unazalisha umeme mdogo kwenye waya uliozungushwa hapo maelfu ya mara. Umeme unapita kwenye volyumu na toni, unaingia kwenye kebo, unafika kwenye ampli. Katika njia yote hiyo hakuna mahali panapouliza uzito. Mbao ina mchango wake kwa namna inavyouachia uzi utikisike, sikatai, ila ni mdogo ukiuweka karibu na pikapu yenyewe, urefu wa uzi hadi darajani, na spika ya ampli yako. Toa pikapu ya koili moja uweke hambaka, yaani pikapu ya koili mbili, hata asiyepiga gitaa atasikia tofauti. Punguza nusu kilo kwenye bodi, wewe mwenyewe ukifungwa kitambaa machoni nakuapia utabahatisha.

Halafu hao wa "toni ya zamani" hawajui hata magitaa ya zamani yalikuwa na kilo ngapi. Les Paul, magitaa ya kampuni ya Gibson ya Marekani, za mwaka 1958 hadi 1960, ambazo leo zinauzwa kwa bei ya nyumba, nyingi hazizidi kilo 4.2. Zile za kuvunja mgongo, zinazofika kilo 5, ni za miaka ya 1970. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Gibson wakaanza kutoboa matundu ndani ya bodi ili kupunguza uzito. Kwa nje huoni kitu maana mbao ya juu imeyafunika. Na mapema zaidi, 1961, walishaigeuza Les Paul kuwa bodi nyembamba yenye pembe mbili, ile tunayoiita SG, na hambaka zikabaki zilezile. Watu wa kwaya mnanisikia? Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili wa Marekani, alisimama jukwaani na gitaa jeupe la umbo hilo, nendeni mkamsikilize kisha mje mniambie toni ilipungua wapi. Fender, kampuni nyingine ya magitaa ya Marekani, nao mwaka 1968 walitoa gitaa la Telecaster Thinline, ambayo bodi yake ina uwazi ndani, kwa sababu mbao nyepesi ya ash ilikuwa imeanza kuwa adimu. Yaani kiwanda kilikuwa kinahangaika kutafuta wepesi, na wewe uko Mwanza unahangaika kutafuta uzito.

Kuhusu noti kuvuta, tafuta tatizo linapokaa. Shingo inameza mtikisiko kuliko bodi. Wapiga besi za aina ya Fender wanakijua kile kidonda cha uzi wa G, katikati ya freti (vile vipande vya chuma shingoni) ya tano na ya saba, noti inakufa ghafla hata gitaa liwe la bei gani. Ukibana kitu kizito kichwani, pale penye vikazio vya nyuzi, mahali pa kidonda panahama. Kwa hiyo uzito wa kichwa unasikika. Wa bodi ndio huo mnaonisumbua nao bure. Sababu nyingine ni za aibu zaidi: nyuzi za tangu Pasaka, mfereji wa uzi kwenye kile kipande cha juu karibu na kichwa haukuchongwa sawasawa, freti zimelika. Na kubwa kuliko zote, pikapu zimepandishwa hadi zinakaribia kugusa nyuzi. Mtu anadhani akizisogeza juu atapata nguvu. Sumaku za koili moja zikiwa karibu mno zinauvuta uzi, noti inayumba na kufa mapema. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya mwisho, acha milimita 2.4 hivi hadi kwenye pikapu, upande wa uzi mwembamba milimita 2, kisha usikilize. Kazi ya bisibisi moja. Nimewaokoa watu wengi wasiuze magitaa mazuri kwa bisibisi hiyo, na hakuna aliyenilipa zaidi ya soda.

La pili ni la mbao zetu. "Fundi, nichongee bodi ya mninga, au mpingo kabisa, itakuwa balaa." Itakuwa balaa kweli, kwa bega lako. Mpingo ukiutupa ziwani unazama. Unasifika kwa klarineti na unafaa kwa ubao wa vidole, bodi nzima sichongi. Mninga ni mzuri wa macho lakini ni mzito kuliko alder wanayotumia Fender. Na mbao nyingi mnazoniletea kutoka kwa maseremala hazijakauka, sehemu ya uzito mnaousifia ni maji, na maji hayo yakitoka bodi inapinda na skrubu zinalegea. Ukitaka bodi ya hapa nchini, niletee msonobari uliokauka vizuri, usio na mafundo. Mnaucheka kwa sababu ni mbao ya kenchi, lakini gitaa la majaribio la Leo Fender, mwanzilishi wa Fender, la mwaka 1949 lilikuwa na bodi ya msonobari.

Wengine wanadhani gitaa jepesi ni feki. Nimeshika feki za kilo 4 na nusu zenye jina kubwa kichwani. Angalia umaliziaji wa freti, ulehemu wa nyaya ndani, namba na chapa za vifaa. Kilo hazikuambii kitu.

Gitaa lisilo na kichwa ni la kuchezea? Ned Steinberger, mbunifu wa Marekani, alishawauzia wanamuziki wakubwa magitaa ya namna hiyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tatizo lake ni kwamba mengine yanataka nyuzi za aina yake, na hapa Mwanza hutazipata kwa urahisi.

Wepesi una hasara moja ya kweli ambayo hakuna mteja anayeniuliza: bodi ikiwa nyepesi kuliko shingo, kichwa kinashuka, na mkono wa kushoto unageuka kuwa mhimili. SG nyingi zina tabia hiyo. Kabla ya kulipa, livae na mkanda, achia mikono yote miwili. Likiinamia sakafu, jaribu mkanda mpana wa ngozi wenye upande wa ndani usioteleza, au vikazio vyepesi. Likiendelea kuinama, liache dukani.

Na lipimwe. Mzani wa kuning'iniza, ule wa kupimia sangara pale Mwaloni Kirumba, unatosha kabisa. Mpe mwenye mzani chochote, ataliweka huku anakucheka. Kwa mtu wa ibada inayochukua saa tatu mimi natafuta kilo 3.2 kushuka. Ikifika kilo 4, uwe na sababu.

Wapo wanaoniomba nilichimbe gitaa zito walilonalo ili liwe jepesi. Sifanyi. Utalipa rangi mpya, utalipa kazi, na utabaki na gitaa lisilouzika. Liuze hivyo hivyo lilivyo. Mjini hapa kuna mtu atalinyanyua kwa mkono mmoja, atatabasamu, na atakulipa bei nzuri.