Je, Wajua? Kwa Nini Mashine za Wagonjwa Mahututi Haziponyi Ugonjwa?

Mashine ya kupumulia haiui hata kijidudu kimoja cha nimonia. Mashine ya kusafisha damu haifufui chembe za figo zilizokufa, na pampu inayosaidia moyo haifuti kovu lililo kwenye msuli wake. Hata hivyo, mgonjwa akizidiwa, vifaa hivi ndivyo vinavyokimbiliwa kwanza, na ndivyo vinavyojaza chumba cha wagonjwa mahututi. Kama haviponyi, vinafanya nini pale?

Jibu ni kwamba mtu hufa upesi lakini hupona polepole. Ubongo ukikosa oksijeni kabisa huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Dawa ya kuua bakteria, kwa upande wake, huhitaji siku mbili tatu kabla matunda yake hayajaonekana. Mapafu yaliyojaa usaha huchukua wiki kadhaa kusafika. Figo zilizogoma kwa sababu shinikizo la damu lilishuka mno zinaweza kukaa wiki mbili, tatu au zaidi kabla ya kurudia kazi, na moyo au ini la kupandikizwa huja siku litakapopatikana. Katikati ya kifo kinachoweza kuja baada ya dakika na nafuu inayohitaji wiki kuna pengo, na kazi ya vifaa vile ni kumvusha mgonjwa pengo hilo. Ugonjwa wenyewe utashughulikiwa na dawa, kisu cha mpasuaji, au mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Mfano ulio wazi kuliko yote hauna hata mashine: dripu ya kipindupindu. Mgonjwa aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza maji hadi lita moja kwa saa, na akafariki siku hiyohiyo. Maji na chumvi vinavyoingia kwenye mshipa havimgusi kijidudu aliyeko utumboni. Vinarudisha tu kilichopotea, saa baada ya saa, hadi kinga ya mwili imalize kazi yake, ikisaidiwa na dawa ya kufupisha ugonjwa pale inapohitajika. Bila matibabu, kipindupindu kikali kinaweza kuua zaidi ya nusu ya wanaougua. Maji yakirudishwa mapema na ya kutosha, wanaofariki huwa chini ya mmoja kwa mia. Sijui tiba nyingine inayoiacha chanzo cha ugonjwa peke yake kiasi hiki na bado ikaokoa watu wengi namna hii.

Kwa mapafu, somo hili lilipatikana kwa taabu zaidi. Mwaka 1952 mji wa Copenhagen, Denmark, ulikumbwa na mlipuko mkubwa wa polio. Mamia ya waliofikishwa hospitali ya Blegdam walikuwa na aina mbaya inayopooza misuli ya kumeza na kupumua. Hospitali ilikuwa na mapafu ya chuma mamoja tu, yaani lile pipa kubwa ambalo mgonjwa hulazwa ndani kichwa kikibaki nje, pamoja na vifaa sita vidogo vya kufungwa kifuani. Katika wiki za mwanzo, kati ya wagonjwa 31 waliowekwa kwenye vifaa hivyo, 27 walifariki.

Madaktari walipopima damu waliona kiwango kikubwa cha bikaboneti, yaani kemikali inayopunguza tindikali ya damu, wakadhani damu imegeuka kuwa na alkali kupita kiasi kwa sababu isiyoeleweka. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, aliisoma picha hiyo kinyume kabisa. Alisema wagonjwa hawa hawapumui vya kutosha, kaboni dayoksaidi inarundikana mwilini, na ndiyo inayowaua. Dawa yake aliichukua chumba cha upasuaji, ambako kila siku watu waliolazwa usingizi walipumuliwa kwa mkono. Tarehe 27 Agosti 1952, msichana wa miaka 12 aliyekuwa anakata roho alitobolewa koo, akawekewa mrija, na Ibsen akaanza kubana mfuko wa hewa yenye oksijeni. Mwanzo mambo yalikwenda vibaya kiasi kwamba baadhi ya waliokuwa wakitazama waliondoka. Kisha mapafu yakaanza kufunguka, rangi ya msichana ikarudi, na akanusurika.

Hospitali haikuwa na mashine za kubana mifuko hiyo, basi wakaitwa wanafunzi wa udaktari. Takriban 1,500 kati yao walipokezana zamu kwa miezi, wakibana mifuko mchana na usiku, na kuna wakati wagonjwa wapatao 70 walikuwa wanapumuliwa kwa mikono ya vijana hao kwa pamoja. Virusi vya polio havikuwa na dawa wakati ule, na hadi leo havina. Hakuna aliyetibiwa polio Copenhagen mwaka ule. Lakini misuli ya wengi ilirudisha nguvu ya kutosha kupumua yenyewe, kwa sababu tu walikuwa bado hai ilipokuwa tayari kufanya hivyo. Mwishoni mwa 1953 Ibsen alifungua, katika hospitali nyingine ya mji huohuo, chumba ambacho wengi hukitaja kuwa cha kwanza duniani cha wagonjwa mahututi.

Si kila pengo linaishia mahali pamoja. Polio na kipindupindu ni mifano ya kumvusha mgonjwa hadi mwili ujiponye. Aina ya pili ni kumfikisha kwenye tiba ambayo leo hayuko tayari kuipokea. Mpasuaji anapompata majeruhi anayevuja damu tumboni, mwili umepoa, damu imejaa tindikali na haigandi tena, kumaliza kila kitu kwa mara moja kunaweza kumuua mezani. Hivyo huziba panapovuja, hupakia vitambaa, huliacha tumbo bila kulishona kabisa, na kumrudisha kitandani apashwe joto na kuongezewa damu. Saa 24 au 48 baadaye ndipo upasuaji wenyewe unakamilishwa. Mtu asiye wa fani akiona tumbo limeachwa wazi anaweza kudhani madaktari wamekata tamaa, kumbe wamefanya hivyo kwa makusudi.

Moyo ndio wenye visa vya kushangaza zaidi. Mwezi Aprili 1969, huko Houston, Marekani, Denton Cooley alimwekea mwanamume wa miaka 47 moyo wa bandia uliotengenezwa kwa plastiki, kwa sababu moyo wake haukuweza kurudi kazini baada ya upasuaji. Ule wa bandia ulimweka hai saa 64, hadi ukapatikana moyo wa mtu mwingine. Alipandikizwa, lakini akafariki baada ya muda mfupi kwa maambukizi ya mapafu. Ugomvi mkubwa ulizuka kuhusu iwapo kifaa kile kilikuwa tayari kutumika kwa binadamu. Hoja moja, hata hivyo, ilikuwa imethibitika: mtu anaweza kukaa siku mbili na zaidi bila moyo wake mwenyewe, akisubiri mwingine.

Siku hizi wengi wanaosubiri hawaondolewi moyo. Huwekewa pampu ndogo inayovuta damu kutoka chemba ya kushoto ya moyo na kuisukuma kwenye mshipa mkuu, ikiendeshwa na betri zinazobebwa kiunoni au begani. Pampu za kisasa huzunguka mfululizo badala ya kudunda. Matokeo yake, baadhi ya watu hawa wanatembea, wanaongea, wanapika, na ukiwashika kifundo cha mkono hupati mapigo. Hata kipimo cha kawaida cha shinikizo la damu hushindwa kusoma. Mhudumu wa dharura asiyejua anaweza kumkuta mtu kama huyo amezimia kwa sababu ndogo tu, akadhani ameshakufa.

Mapafu na moyo vikigoma pamoja, hutumika mashine ya ECMO. Mrija mnene huingizwa kwenye mshipa mkubwa, damu nyeusi hutolewa nje, ikapita kwenye utando unaoiongezea oksijeni na kuiondolea kaboni dayoksaidi, kisha ikarudishwa mwilini ikiwa nyekundu kabisa. Kwa mtu mzima hupita lita nne au tano kila dakika, karibu damu yote ya mwili. Mtu mzima wa kwanza kuokolewa hivyo alikuwa kijana wa miaka 24 aliyeumia vibaya ajalini, mwaka 1971, na alikaa kwenye mashine siku tatu. Mwaka 1975 Robert Bartlett aliitumia huko California kwa mtoto mchanga aliyevuta kinyesi chake cha kwanza mapafuni wakati wa kuzaliwa. Mtoto huyo alipona, na akakua hadi utu uzima.

Ini ndilo lililobaki nyuma. Hufanya kazi nyingi mno, za kutengeneza protini, kugandisha damu, kusafisha sumu na kuhifadhi sukari, kiasi kwamba zipo mashine za kuchuja sehemu ya sumu lakini hakuna inayoshika nafasi yake kama mashine ya kusafisha damu inavyoshika nafasi ya figo.

Hapa ndipo inafaa kusema ubaya wa vifaa hivi, maana ndugu wa mgonjwa mara nyingi huambiwa faida peke yake. Damu ikigusa plastiki hutaka kuganda, kwa hiyo mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia kuganda, na dawa hiyo inaweza kumfanya avuje damu, hata kichwani. Kila mrija unaoingia mwilini ni mlango wa vijidudu. Misuli hunyauka ndani ya siku chache tu za kulala bila kujigeuza, na wengi huchanganyikiwa akili kwa muda. Hata hewa yenyewe huumiza. Kwa miaka mingi wagonjwa wa mapafu walisukumiwa pumzi kubwa kwa nia njema, ili vipimo vya damu vipendeze. Mwaka 2000 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Marekani uliohusisha wagonjwa 861: waliopewa pumzi ndogo, mililita 6 kwa kila kilo ya uzito uliokadiriwa, walifariki asilimia 31, na waliopewa mililita 12 walifariki karibu asilimia 40. Pumzi ile kubwa ilikuwa ikichana mapafu yaliyokuwa tayari yameumia.

Kwa maoni yangu, basi, swali zito kabla ya kuwasha mashine si kama ipo, bali ni inampeleka mgonjwa wapi. Figo zake zinatarajiwa kuamka? Anafaa kupandikizwa? Kuna upasuaji unaosubiriwa? Mara nyingine jibu la kweli ni kwamba bado haijulikani, na mashine huwashwa kwa siku mbili au tatu ili vipimo vifanyike na hali ijionyeshe. Hiyo nayo ni sababu halali, mradi familia iambiwe mapema kwamba ni jaribio lenye mwisho. Balaa huja pale ambapo hakuna aliyeuliza. Mgonjwa hubaki ameunganishwa na mashine inayofanya kazi vizuri kabisa, mapafu yakiwa hayaponi na hakuna mahali pa kumpeleka, na kila anayepita wodini akingoja mwingine aseme.

Kuna pia vifaa vilivyobuniwa viwe vya muda vikageuka kuwa vya kudumu. Willem Kolff alipotengeneza figo ya bandia huko Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, wakati wa uvamizi wa Wajerumani, alitumia ngozi ya selofani ya kufungia soseji, akaizungusha kwenye pipa la mbao lililozama nusu ndani ya maji ya chumvi. Alilenga watu ambao figo zao zimegoma ghafla na zingeamka baada ya siku chache. Wagonjwa wa mwanzo walifariki karibu wote. Septemba 1945 alimwokoa mwanamke wa miaka 67, aliyekuwa amefungwa kwa kushirikiana na Wanazi. Figo zake ziliamka, akaishi miaka kadhaa zaidi.

Watu ambao figo zao hazingeamka kamwe hawakufaidika, kwani kila kipindi cha kusafisha damu kiliharibu mshipa mwingine, na mishipa iliisha. Mwaka 1960 Belding Scribner, huko Seattle, alibandika mkononi mwa mgonjwa kipande cha mrija wa Teflon kilichobaki humo kikiunganisha mishipa miwili, kikatumika mara kwa mara bila kutoboa upya. Mgonjwa wake wa kwanza aliishi miaka 11 zaidi. Ghafla mashine ya siku chache ikawa ya maisha yote, na vitanda vilikuwa vichache kuliko watu. Seattle iliunda kamati ya raia saba, wengi wao si madaktari, wakakaa kuamua nani apewe nafasi na nani akose, wakiangalia mambo kama kazi ya mtu, idadi ya watoto wake na kama huhudhuria kanisani. Jarida moja liliposimulia habari hiyo mwaka 1962 watu walishtuka. Miaka kumi baadaye, 1972, Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya serikali kugharimia usafishaji wa damu kwa karibu kila mwenye figo zilizokufa.