Majani hayageuzwi na baridi

Jumamosi, arusini hapa Minneapolis, Marekani, kaka mmoja alinivuta hadi dirishani, akanionyesha mti wa mepo (maple kwa Kiingereza) ng'ambo ya barabara, akasema, "Umeona? Baridi imeshaanza kuchoma majani." Ni mara ya tatu naambiwa hivyo ndani ya wiki moja. Siku hiyo joto lilifika nyuzi 27, na yeye mwenyewe alikuwa amevua koti kwa jasho. Baridi ipi, ndugu yangu?

Mimi ni mtunza miti. Napogoa, nachimbua mizizi, nakwea kwa kamba, na msimu huu ndio ninaoungoja mwaka mzima. Kinachonikera ni kwamba anayeamini ni kazi ya baridi huingoja hiyo baridi ifike ndipo atoke kutazama. Anatoka mwisho wa Oktoba, anakuta matawi matupu.

Tuliokulia karibu na ikweta, kosa hili linatujia kirahisi. Kwetu Tanga jua huzama saa kumi na mbili na ushei, Januari au Julai. Hata neno vuli kwetu ni mvua, si majani kupukutika. Hapa, mwishoni mwa Juni jua linazama saa tatu usiku. Septemba ikiisha, saa moja. Mwezi huu wa Septemba kila siku inapungua kama dakika tatu. Wewe unaweza usihisi, lakini mti unahisi. Usiku ukirefuka, mti unaanza kuvuna majani yake wenyewe: klorofili, ile rangi ya kijani, inavunjwa, nitrojeni inarudishwa kwenye matawi na mizizi, na pale kikonyo kinaposhikana na tawi unajengwa ukuta mwembamba ambao mwisho wake ni jani kuanguka na kovu kubaki.

Ukitaka ushahidi, tafuta mti ulioegemea taa ya barabarani. Mwezi Oktoba nimekwea miti ambayo upande mmoja umeshapukutika na matawi yanayoizunguka taa bado yana majani mabichi. Baridi ni ileile pande zote mbili. Na ukumbuke mkungu, ule tuliookota kungu chini yake tukazipasua kwa mawe. Majani yake yalikuwa mekundu kama damu kabla ya kuanguka, na Tanga nzima hatukuwa na sweta.

Sasa tufike kwenye wekundu, maana hapo ndipo baridi inapopata jina lisilo lake. Manjano hayana siri: karotenoidi, yaani rangi za manjano, zimo ndani ya jani muda wote, zimefunikwa na kijani. Kijani kikiondoka, zinaonekana. Wekundu ni jambo lingine kabisa. Anthosianini, yaani rangi nyekundu yenyewe, hutengenezwa upya, kwa sukari, wakati jani linaelekea kufa. Mchana wa jua kali huitengeneza hiyo sukari. Usiku wenye ubaridi, usiofikia kugandisha, huichelewesha kutoka kwenye jani, na rangi inakolea. Kwa hiyo ubaridi unakoleza kilichokwisha kuanzishwa na urefu wa usiku. Jalidi, yaani baridi ya kugandisha, ikipiga mapema ndiyo inaharibu: jani linakufa, linakuwa kahawia, basi.

Lakini kwa nini mti ugharamie rangi mpya kwenye jani linalokwenda kuanguka? Wataalamu hawajakubaliana. Wapo wanaosema ni kinga dhidi ya jua wakati nitrojeni inahamishwa, wapo wanaosema ni onyo kwa vidukari, wadudu wafyonzao utomvu, wasije kutaga. Mimi naegemea kwenye jua, kwa sababu ya kitu nilichokishika mkononi: jani jekundu lenye doa la manjano katikati, na doa lile lilikuwa na umbo kamili la jani lililokuwa juu yake, hadi ncha. Palipopata kivuli hapakuwa na wekundu. Halafu nakutana na miti miwili iliyotoka kitalu kimoja, ikapandwa siku moja, mmoja unawaka mwekundu na mwenzake ni wa machungwa tu, na uhakika wangu unapungua.

Jambo moja nawaomba sana wenye nyumba. Mti ukigeuka rangi mwanzoni mwa Agosti, tena tawi moja tu, huku wenzake wote ni kijani, usiupige picha na kufurahi. Huo unaumwa. Mama mmoja aliniita akiwa na furaha kwamba vuli imeanzia uani kwake. Nilipofukua udongo shinani nilikuta mzizi umejizungusha kama kamba na kulikaba shina. Tuliukata. Sijui kama tuliwahi.

Dalili za kweli ziko nje sasa hivi, na joto bado lipo. Mtambaazi wa majani matano, mmea unaotambaa, umeshageuka mwekundu kwenye nyua. Njugu za mwaloni zinagonga mapaa ya magari. Vipepeo vya monaki vinashuka kuelekea Meksiko, na bata bukini wameanza kupita juu kwa safu yenye pembe, wakipiga kelele. Toka jioni, chuma jani moja la mepo lililoanza tu kugeuka, linyanyue lielekee jua. Katikati ya mishipa utaona manjano, na kuizunguka mishipa yenyewe kijani bado kimeng'ang'ania, kwa sababu njia za kutolea mali ndizo zinazofungwa mwisho.